Kabla hujahubiri Yeremia 29:11 Jumapili, soma barua yote

Ndugu, ngoja kwanza. Unasema umepewa zamu ya Jumapili, umechagua Yeremia 29:11, ule mstari Mungu anaposema anayajua mawazo anayowawazia watu wake, ya amani wala si ya mabaya, kuwapa tumaini, pointi tatu umeshazitoa mtandaoni (Pito, Pumziko, Pandisho), na sasa unataka tu kujua uhubiri dakika ngapi, ushike karatasi au utoe kichwani, na uanzeje ili vijana waweke simu chini. Hizo pointi nazijua. Zangu zilikuwa Ahadi, Amani, Afanikio. La tatu hata si neno, lakini lilitakiwa lianze na A.

Tulifundishwa hivyo kwenye semina ya wahubiri, ghorofa ya juu ya jengo moja mjini Nairobi, kwa ada ambayo siitaji kwa sababu mke wangu husoma hapa. Mwalimu alikuwa na fomula moja tu: tafuta mstari mtamu, ukate vipande vitatu vya herufi moja, pandisha sauti kwenye cha tatu, mpiga kinanda aingie. Mmoja wetu akauliza, na muktadha je? Akajibiwa kwamba muktadha ni wa vyuo vya Biblia, watu wa Eastlands wanataka tumaini. Tukampigia makofi! Huyo bwana bado anafundisha, na nasikia ada imepanda.

Basi Jumapili ya kwanza ya Januari nikasimama katika kanisa letu la mabati kule Pipeline. Nilipofika Afanikio nikanguruma: kuna mtu hapa anaitwa kwenye vitu vidogo, na Mungu ana mipango mikubwa, mwaka huu hauishi kabla hujaiona! Kinanda kikaingia, kanisa likasimama. Aliyeruka juu kuliko wote alikuwa baba mmoja aliyeachishwa kazi kiwandani. Mimi sikujua kwamba wiki ile ameitiwa kazi ya usoja kwenye geti la nyumba za kupanga Kilimani. Akaikataa. Alisubiri kikubwa.

Mvua za Aprili zilipoanza, mwenye ploti alikuwa ameshapiga kufuli yake juu ya kufuli ya nyumba ya yule baba, kwa kodi. Mke wa yule baba aliningoja baada ya maombi ya katikati ya wiki, mtoto amelala mgongoni, akaniuliza, "Pasta, ile mipango ilikuwa ya mwaka gani?" Hakuwa anabishana nami. Alitaka tarehe. Nikababaika kitu kuhusu majira ya Mungu, na yeye kwa heshima akaitikia amina. Lile geti lilikuwa limeshapata mtu.

Usiku ule ndio nilifungua sura yote, na tarehe imo humo humo! Aya ya 10, mstari mmoja tu juu ya huo wako: miaka 70. Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu ambao Nebukadreza amewahamishia Babeli. Mtu mzima aliyesomewa barua ile angezikwa huko huko ugenini, na watakaorudi ni wajukuu. Halafu geuza ukurasa nyuma, sura ya 28. Kuna nabii anaitwa Hanania, anavua nira ambayo Yeremia ameivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, anaivunja mbele ya watu hekaluni, anatangaza kwamba ndani ya miaka 2 kila kitu kitarudi nyumbani. Hanania akafa mwaka ule ule. Mimi nilichukua mstari wa Yeremia nikauhubiri mahubiri ya Hanania, na kinanda juu.

Na linaloniuma zaidi ni aya ya 5 hadi ya 7. Jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, utakieni amani mji mliopelekwa. Ningeisoma kwa sauti Jumapili ile, yule baba angeamka Jumatatu akaenda kufungua geti Kilimani.

Kwa hiyo usiguse pointi ya mtu yeyote, hata yangu, kabla hujasoma sura yako, iliyotangulia na inayofuata, kwa sauti, mpaka uweze kujibu Biblia ikiwa imefungwa: nani anasema, anamwambia nani, na hao watu wamepatwa na nini. Soma tafsiri ya Union, kisha ya Habari Njema, kisha ya lugha ya kwenu kama ipo. Ndipo utafute pointi, ziwe mbili au tano, na zianze na herufi zinazotaka. Fanya hivyo hata kwa Wafilipi 4:13, ile ya "nayaweza mambo yote", ambayo hatuwezi kuombea watahiniwa wa KCSE bila hiyo, ilhali mstari mmoja juu Paulo anasema amejifunza kushiba na kuona njaa.

Najua kuna atakayekuja hapa chini kusema nawanyima watu tumaini. Wewe fikiria: hao utakaowahubiria karibu wote wametoka ushago, wanalipa kodi kwenye mji wasiouita nyumbani, na hapo una andiko la kuwaambia wafanye kazi humo, walee watoto humo, na wauombee. Unaliacha kwa ajili ya Pandisho?

Karatasi shika, kichwani panakimbia.

Leo ni Jumatano, muda unao. Anza sura ya 27 pale nira inapotengenezwa, pita kwa Hanania, kisha soma barua mpaka mwisho. Ukifika 29:8, niandikie hapa ni akina nani wanaoambiwa wasisikilizwe.