Kadi ya gari ina jina lako, data je?

Wiki hii najibu maswali ya magari yenye intaneti, yale yanayotuma taarifa kwa kiwanda, maana ndiyo mliyonijazia.

Nimeagiza gari la 2015 kutoka Japani. Kiwanda kitaniona nikiwa Dar? (Tabata)

Lala usingizi. Magari mengi ya umri huo hayana laini ya intaneti ndani. Wa kukosa usingizi ni aliyekuuzia. Juzi jirani yangu kaleta Noah. Yule dada wa Kijapani anayeongea ukiwasha gari bado yumo, na tulipobonyeza alama ya nyumba, ramani ikaruka hadi mtaa mmoja wa Nagoya. Nyumbani kwa mwenye gari wa zamani, na majina ya simu yake yote yamo. Wewe je, lile ulilomkabidhi dalali mwaka jana, ulifuta simu yako kwenye skrini?

Gari nimelinunua kwa pesa yangu, si data zake ni mali yangu? (Moshi)

Hili naulizwa kila mwezi, na kila mwezi neno "mali" linawapoteza. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, inakupa haki juu ya taarifa zako: kuambiwa zinatumikaje, kuziona, kupinga. Lakini haikupi hati ya umiliki. Na anayezishika ni mwenye seva, yaani kompyuta zinakohifadhiwa.

Waulizeni madereva wa magari ya General Motors kule Marekani. Gari lilihesabu breki za ghafla, mwendo kasi na safari za usiku, taarifa zikauzwa kwa LexisNexis na Verisk, kampuni za biashara ya data, wao wakazipeleka kwa kampuni za bima. Mwaka 2024 gazeti la New York Times liliandika habari za dereva aliyeona bima yake imepanda kwa asilimia 21. Alipoomba faili lake LexisNexis, akapewa kurasa 258, zenye safari 640 za miezi sita: saa ya kuondoka, saa ya kufika, umbali. Alisema hakujua kwamba zingegawiwa. 

Ulaya wameacha kubishana kuhusu mali. Tangu Septemba 12, 2025, mwenye gari anaweza kudai data zake na kuagiza apewe fundi amtakaye. Hiyo ndiyo haki ninayoitaka hapa, kabla mafundi wa gereji za Gerezani, Dar, hawajafungiwa nje ya magari yetu wenyewe.

Nilibonyeza "Nakubali" kwenye skrini ya gari bila kusoma. Nifanyeje?

Wa nne mwezi huu. Soma! Mwaka 2023 Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, walisoma sera za faragha za chapa 25 za magari, wakazifelisha zote.

Naweza kuuza data za gari langu? (Mbeya)

Za gari moja hazifiki bei ya soda. Za mamilioni ndizo zilizowafanya McKinsey, kampuni ya washauri wa biashara, mwaka 2016 wataje thamani ya hadi dola bilioni 750 duniani ifikapo 2030. Ni hesabu ya washauri, punguza mwenyewe.

Gari la mkopo limefungwa GPS. Nikimaliza deni? (Kigamboni)

Dai barua kwamba kifaa kimetolewa na akaunti imefungwa, siku hiyohiyo unayochukua kadi ya gari. Mimi nilimaliza deni mwezi wa tatu, nikashukuru, nikaondoka. Mwezi wa saba fundi umeme akafungua dashibodi kutafuta shoti, akakuta kiboksi cheusi kinapepesa taa ya kijani. Nilipowapigia walionikopesha, wakaniambia nikitoe kwa gharama zangu, halafu nikirudishe ofisini kwao.