Nusu kilo, watu saba, na wewe unabaki na mchuzi

Mama wa Mbagala, barua yako nimeisoma jana usiku na asubuhi nikairudia. Unasema mko saba ndani, wewe na mumeo, watoto wanne na mama mkwe, nyama ni nusu kilo Jumatano na Jumapili, finyango zinapakuliwa kwa kuhesabu, baba nne, mama mkwe tatu, watoto mbilimbili, halafu wewe unasema "mi nimeshaonja jikoni". Juzi mumeo kasukuma bakuli kasema siku hizi unapika maji, ukaenda kulia chumbani.

Mwanangu, naanza na hiyo ya kuonja jikoni maana ndo imeniuma. Hujaonja kitu wewe. Na huko mwisho kabisa umegusia kwamba unanyonyesha, yaani kama kitu cha kupita tu! Anayenyonyesha ndo anatakiwa ale vizuri kuliko wote humo ndani, sio akwangue sufuria.

Sasa njoo jikoni. Buchani acha kuomba steki, chukua mchanganyiko wenye mifupa. Nyama ikate ndogondogo, kama ncha ya kidole gumba, hapo hakuna wa kuhesabu tena. Mifupa ichemshe taratibu na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, na hiyo supu usimwage hata tone. Nyama yenyewe weka kwenye sufuria, itoe maji yake, yakauke, ndo utie mafuta kidogo uiache ishike chini mpaka iwe kahawia, wengi tunawahi kutia nyanya hapo ndo tunaharibu. Ule ukoko wa chini umwagie upawa mmoja wa supu uukwangue na mwiko, utaona mchuzi unabadilika rangi palepale. Halafu tia maharage uliyoloweka tangu usiku na kuyachemsha yakaiva, na supu iliyobaki. Hapo nusu kilo imeenea sufuria zima na kila kijiko kina ladha ya nyama, na hayo maharage nayo yanajenga mwili, sio ya kujazia tu. Kamulia limau kwenye sahani, linasaidia mwili kufyonza madini ya chuma, na chai ya rangi usinywe na chakula, subiri kwanza kidogo.

Jumapili badilisha, piga ndizi nyama na tui la nazi, au pilau uweke viazi vya kutosha na mchele uupikie ile supu. Nyama ya kusaga robo kilo ukiichanganya na njegere inatosha wote. Na maini robo kilo mara mojamoja, chuma kimejaa humo, ila hayo uhakikishe na wewe unakula.

Kuhusu mumeo, hela ya matumizi umesema ni ileile tangu mtoto wa pili na sasa wako wanne, na hujawahi kumwambia. Sasa atajuaje? Usimwambie akiwa na njaa wala mbele ya mama yake. Jumamosi mwombe muende wote sokoni, mpe hiyo hela aishike yeye mwenyewe, alipe nyama, nyanya, mafuta, mkaa, aone inaishia wapi. Naamini alisema vile kwa kutojua, maana umeandika mwenyewe kwamba ni mtu mzuri.

Na mama mkwe usimwogope hivyo. Kalea watoto sita kijijini, ndivyo ulivyoandika, basi mpe ungo akuchambulie maharage muulize kunde za nazi walikuwa wanapikaje, atafurahi kuulizwa.

Jumatano hii, kabla hujaita mtu jamvini, pakua lako kwanza, finyango na mchuzi wake, lifunike na sahani uliweke karibu na jiko lisipoe. Wakikuuliza hilo la nani, sema langu, nanyonyesha.