Swali la Msomaji: Misumari ya Wayombe

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uchongaji hapa Bagamoyo. Katika kitabu cha mwalimu wetu nimeona picha ya sanamu ya Wayombe wa Kongo, imepigiliwa misumari kifua kizima. Wenzangu wanasema ilitumika kulogea watu. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli. Wayombe ni mojawapo ya jamii za kabila la Wakongo (Bakongo), na nchi yao ni Mayombe, vilima vya misitu vilivyo karibu na pwani ya Atlantiki, ambavyo mipaka ya kikoloni iliwagawia Kongo-Kinshasa, Kongo-Brazzaville na Cabinda ya Angola. Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza wa Kongo-Kinshasa, alikuwa Myombe.

Sanamu uliyoiona huitwa nkisi nkondi, na neno nkondi lina maana ya mwindaji. Mchongaji alipomaliza kazi yake, sanamu ilikuwa bado mti mtupu. Ilipata nguvu pale tu nganga (ndiye mganga wetu, neno ni lile lile) alipoweka dawa tumboni au kichwani na kuifunika, mara nyingi kwa kipande cha kioo. Waliokuwa na deni, kesi au ugomvi wa vijiji walikuja mbele yake kula kiapo, na kila shauri likapigiliwa chuma chake. Itazame tena picha yako: utaona vyuma havifanani, vingine ni misumari, vingine ni vipande bapa mfano wa patasi, kwa sababu vilipigiliwa siku mbalimbali kwa mashauri mbalimbali. Aliyevunja kiapo, mwizi na hata mchawi ndio waliowindwa. Hunisikitisha sana kuona kilichotengenezwa kumwinda mchawi kikiitwa chombo cha uchawi.

Wazungu nao walijua uzito wake. Mwaka 1878 Mbelgiji Alexandre Delcommune aliwapora machifu wa mji wa Boma, huko Kongo, sanamu moja ya namna hiyo, na hadi leo imo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.

Kwa kuwa wewe ni mchongaji, ningependa usiishie kwenye misumari. Wayombe wana pia phemba, sanamu ya mama aliyeketi na mtoto mapajani, ambayo wataalamu wengi huihusisha na uzazi na wanawake waliofiwa na watoto. Ukoo wa Wayombe hufuatwa kwa upande wa mama, kama ilivyo kwa Wazaramo na Wakwere wa huku kwetu, ambao mwana hiti wao, kile kisanamu cha mti apewacho mwari, nacho kinahusu uzazi. Ukipata picha ya phemba iliyopigwa kwa nyuma, chunguza mabega na mgongo: zile nukta zilizopangwa kwa safu ni chale za urembo, nazo zimechongwa moja moja, kwa uangalifu ule ule uliotumika usoni.