Wasomaji Wanauliza: Mafuta ya Transfoma, Eathi, Mizinga na Nani wa Kubanwa

Barua za safari hii zimetoka Tabora na Kigoma. Zinatofautiana, ila zote zinauliza jambo lilelile: ndani ya shirika kubwa la umeme, sheria ya mazingira na usalama iko mikononi mwa nani hasa?

Nina karakana ya kuchomelea Kanyenye, Tabora. Kijana kaniletea dumu la mafuta ya transfoma kwa bei ya kutupa niweke kwenye mashine yangu. Anasema yametolewa, hayana kazi tena. Nitajuaje kama ni salama? — Fundi, Kanyenye

Usiyanunue. Mafuta hayo hayauzwi mtaani, na transfoma iliyo kazini haina mafuta ya ziada. Yaliyomo yanazuia umeme wa koili usiruke kwenye bodi ya chuma, na yanabeba joto kulipeleka kwenye mapezi ya nje. Mwizi akifungua koki ya chini na kukinga madumu yake, sehemu ya juu ya koili inabaki hewani. Jioni watu wakiwasha majiko na pasi joto linapanda, karatasi iliyozungushiwa waya inaungua, shoti inapiga. Hapo kuongeza mafuta hakusaidii kitu, ni koili mpya au transfoma mpya. Mtaa mzima unakaa gizani kwa sababu ya madumu mawili matatu.

Kubwa zaidi ni sumu iitwayo PCB. Iliwekwa kwenye transfoma na kapasita za zamani kwa sababu haishiki moto kirahisi. Baadaye ikathibitika kwamba inasababisha saratani, inapenya kwenye ngozi, inakaa kwenye mafuta ya mwili na kumfikia mtoto kupitia maziwa ya mama. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Tanzania iliuridhia 2004, uliweka 2025 kuwa ukomo wa kutumia vifaa vyenye sumu hiyo na 2028 kuwa ukomo wa kuteketeza taka zake. Mafuta huhesabiwa kuwa na PCB yakianzia miligramu 50 kwa kila kilo.

Wengi hukosea kwa kuangalia mwaka kwenye kibao cha transfoma. Kibao kinaeleza ilivyotoka kiwandani tu. Transfoma safi huchafuka siku inapoongezewa mafuta kwa pampu, mpira au mashine ya kuchujia iliyotumika jana yake kwenye transfoma chafu. Ndiyo maana shirika lenye mpangilio lina pampu za pembeni kwa mashine zinazotiliwa shaka, na kila transfoma ina kadi yake: imepimwa lini, imeongezewa nini. Kama karakana ya shirika haina kadi hizo, cheti chochote kilichotundikwa ukutani ni mapambo.

Kuna kipimo cha mitaani cha kudondoshea mafuta kwenye glasi ya maji. PCB tupu huzama kwa kuwa ni nzito kuliko maji, mafuta ya madini huelea. Kipimo hicho kinakamata PCB tupu peke yake. Mafuta ya madini yaliyochanganyika kwa miligramu 50 au hata 500 kwa kilo yataelea vizuri kabisa, na wewe utajidanganya. Jibu la uhakika linatoka maabara, kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwako wewe hatari inaongezeka, maana mashine ya kuchomelea inapata moto. PCB ikiungua kwa moto wa kawaida hutoa dioksini na furani, sumu kali kuliko ile ya mwanzo. Kuteketeza kunataka tanuri maalumu la zaidi ya nyuzi joto 1,100. Kama dumu tayari liko kwako, lifunge, liweke mahali pasipovuja, na usichanganye na oili chafu ya magari, kwa sababu ukichanganya yote inageuka kuwa taka hatarishi. Kisha mwone afisa mazingira wa halmashauri. Mikono osha kwa sabuni na maji. Mafuta ya taa au petroli huipitisha sumu kwenye ngozi haraka zaidi.

Nimemaliza VETA, nimepata kibarua kwa mkandarasi wa laini Urambo. Wenzangu wanasema laini ikishazimwa, kupiga eathi, yaani kuunganisha nyaya zake na ardhi, ni kupoteza muda. Ni kweli? — Kijana wa Laini

Wenzako wanakuchimbia kaburi. Laini iliyozimwa ina njia nyingi za kupata umeme. Radi ya mvua za Novemba inaweza kupiga kilomita nyingi kutoka ulipo. Laini nyingine inayokwenda sambamba inaingiza chaji. Na kuna mwenye duka aliyewasha jenereta lake bila swichi ya kubadilishia: volti 230 zinarudi kwenye transfoma ya volti 33,000 kwa 400, zinapanda hadi kama 19,000 kwenye waya ulioushika.

Utaratibu ni huu, na haurukwi. Msimamizi anachukua kibali cha kazi cha maandishi chenye majina ya kikundi. Laini inakatwa mahali ambapo mwachano unaonekana kwa macho, panafungwa kwa kufuli na kuwekwa kibao. Kisha unapima: jaribu kipimio kwenye umeme unaojua upo, pima laini, rudi ukijaribu kipimio tena. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayokuonyesha kama betri ilikufa katikati ya kazi. Halafu eathi, pande zote mbili za unapofanyia kazi. Klampu ya ardhini inafungwa kwanza, za fazi, yaani nyaya zinazobeba umeme, zinafuata kwa kijiti kisichopitisha umeme. Wakati wa kutoa, kinyume chake: fazi kwanza, ardhi mwisho. Ukianza kwa kutoa ya ardhini, mwili wako unakuwa njia.

Kabla ya kupanda, igonge nguzo kwa nyundo, kisha fukua kidogo shinani na uchome kwa bisibisi. Nguzo ya mti huoza zaidi pale udongo unapokutana na hewa, na mchwa wa Tabora huanzia hapohapo; juu inaweza kung'aa kama mpya. Mlio mzito usio na mwangwi, au bisibisi kuzama kirahisi, maana yake usipande mpaka ishikiliwe.

Kuwa kibarua hakukuondolei haki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri akupe mafunzo na vifaa, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndio wanaoisimamia.

Natundika mizinga Sikonge karibu na laini kubwa. Nitafukuzwa? — Mrina asali

Laini ya kilovolti 132 ya kutoka Tabora kwenda Katavi, kupitia Ipole na Inyonga, ina mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, na ndani ya mkuza miti mirefu haitakiwi. Ukingoni zungumza na ofisi ya wilaya kabla hujatundika. Mzinga wenye mfuniko wa bati chini ya nyaya hupata chaji na nyuki husumbuka. Hamisha, au unganisha bati na ardhi kwa waya. Usifukizie moto mkubwa chini ya laini: hewa ya moto na masizi hupitisha umeme, na laini yote inaweza kukatika.

Kigoma tumeishi miaka na majenereta ya dizeli. Gridi ikifika na mitambo ikazimwa, eneo lile linasafishwa na nani? Na tumbane nani, meneja wa mkoa au makao makuu Dodoma? — Mkazi, Mwanga

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inafuata kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Kufunga mtambo si kuzima swichi tu: matangi yanamwagwa, tope la chini linatolewa na kubebwa na mwenye kibali cha taka hatarishi, betri za risasi zinahesabiwa, udongo wa chini ya pampu unachukuliwa sampuli. Msisahau shimo la kutenganisha mafuta na maji. Likiachwa bila mtu, mvua ya kwanza inalijaza, mafuta yanaelea juu na kufuata mtaro, na mtaro wa Kigoma unaishia Ziwa Tanganyika. Mtambo ukibaki wa akiba, kelele nazo zinahesabiwa: eneo la makazi ni desibeli 50 mchana na 35 usiku.

Mwenyekiti wa bodi na mkurugenzi mtendaji wa TANESCO, shirika la umeme, huteuliwa na Rais, na hisa za serikali ziko kwa Msajili wa Hazina. Meneja wa mkoa hana fungu la kufunga mtambo. Analo la kuzuia mtaro usipitishe mafuta kesho asubuhi. Kwa hiyo barua ya mtaro mpelekee yeye, nakala kwa afisa mazingira wa manispaa. Ya kuomba mpango wa kufunga na ripoti ya ukaguzi wa mazingira ipeleke NEMC, baraza la taifa la mazingira. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, wabaki kwa bei na ubora wa huduma. Kila barua iwe na tarehe, picha na muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Malalamiko ya mdomo hayaingii kwenye jalada.