Mkuu, kadi ya mpiga kura haikuandikishi mtaani

Mkuu, hapana! Acha hiyo "kadi si ninayo". Unauliza kama kadi uliyoichukulia Moshi itakutosha kumchagua mwenyekiti wa mtaa hapa Arusha 2029, na habari za uchaguzi uzifuatilie wapi. Mwili umenisisimka, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi Oktoba 2024, nikiwa Sombetini, hapa hapa Arusha.

Uandikishaji wa serikali za mitaa ulikuwa siku kumi tu, tarehe 11 hadi 20. Gari la matangazo lilipita hadi mlangoni. Kwenye grupu letu la WhatsApp jamaa mmoja, mtu mzima anayeheshimika, akatuma sauti: mwenye kadi asihangaike na foleni, jina lake limo kwenye mfumo. Nikaamini. Kibaya zaidi, nikaisambaza. Nikamwambia mke wangu atulie, nikamwambia mama mkwe, nikawaambia na vijana wawili ninaofanya nao kazi gereji. Na kituo chenyewe kilikuwa jirani na gereji! Mwandikishaji amekaa chini ya turubai, saa nyingine hana hata mtu mmoja mbele yake. Kila asubuhi nilimsalimia nikapita.

Tarehe 27 Novemba tukaenda wote watano. Karani akapitisha kidole kwenye orodha, akarudia, akaniambia, "Baba, jina lako halimo." Nikatoa kadi. Akasema kadi inaonyesha tu kwamba mimi ndiye mimi, haimwandikishi mtu. Watano wote, hakuna aliyekuwemo. Mama mkwe alikuwa ametembea na mkongojo toka ng'ambo ya korongo. Akageuka, akarudi nyumbani bila kusema neno. Mtaro wetu unafurika kila masika, mwenyekiti na kamati yake ndio wa kuupigania, na sisi tunaoingiliwa na maji ndani siku hiyo hatukuwa na kauli.

Yule jamaa nilimfuata baadaye. Jibu lake: naye alitumiwa. Basi, imeisha hivyo! Hajamwomba radhi mama yule hadi leo. Unawatumia watu sauti kwa uhakika ule, na ofisi ya mtendaji wa mtaa iko pale pale hukwenda hata kuuliza?

Shika hili: ni vitabu viwili. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la Tume ya Uchaguzi, ndilo linalokupa kadi, na ni la kumchagua rais, mbunge na diwani. Orodha ya mtaa 2024 ilikuwa chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ikaandikwa upya kwa wakazi wa mtaa husika. Kadi yako ya Moshi, uboreshaji wa daftari ukifunguliwa, hamisha taarifa zako zije Arusha. Usijiandikishe tena kama mtu mpya, kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Na kufikia 2029 utaratibu unaweza kubadilika, kwa hiyo hata haya yangu nenda kayaulizie kwa mtendaji wako.

Orodha ikibandikwa, kaisome mwenyewe. Usimtume mtu, usipige simu kuuliza. Weka kidole juu ya jina lako, soma herufi moja moja, angalia na mtaa. Likiwa limekosewa, usiondoke hapo kabla hujaambiwa linarekebishwaje. Mama mkwe tumeshakubaliana: siku ya kwanza ya kuandikisha nampeleka kwa bajaji, na nitasimama naye mpaka nilione jina lake limeandikwa.