Hojaji yangu, transekti zake: maneno kwa mnaoanza utafiti wa maliasili

Wadogo zangu, juzi nilikaa nyuma ya ukumbi nikiwasikiliza mkiwasilisha mpango kazi wenu. Wa ndege akazungumza ndege, wa udongo akazungumza udongo, wa uchumi wa kaya akazungumza kaya. Kisha ikaja slaidi ya mwisho: "Utafiti jumuishi kwa ajili ya sera." Nilinyamaza kwa sababu mwenyekiti alikuwa anaangalia saa. Sasa nasema.

1. Vibali. Hapa Uganda ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na UWA (mamlaka ya wanyamapori) kama mnaingia hifadhini au NFA (mamlaka ya misitu) kama ni msitu wa akiba, na wilaya, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Anzeni mapema. Sina la kuongeza.

2. Swali liwe la wote. Someni habari za msitu wa Bwindi. Msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, wachuma dawa na wasuka vikapu walifungiwa mlango, na Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, wakatolewa kabisa. Uhasama ukawa mkali. Utafiti uliosaidia baadaye haukuishia kwenye orodha ya mimea: uliuliza mmea gani, nani anautumia, na unahimili kukatwa kiasi gani. Ndipo hifadhi ikaweza kuandikiana makubaliano na vijiji jirani kuhusu dawa, mimea ya kusukia na mizinga ya nyuki. Batwa hawakurudishiwa msitu wao, kwa hiyo msije mkaipamba hadithi hii kwenye warsha.

3. Hapa ndipo panaponiuma. Zamani kidogo nilikuwa kwenye timu iliyotafiti ardhioevu moja ya mashariki, kule ambako mafunjo yanafyekwa kupisha mpunga. Hojaji ya kaya ilikuwa mikononi mwangu. Mwenzetu wa mimea, dada mmoja mpole sana, akaniomba niongeze swali moja tu: kaya hii inalima, au inakata mafunjo, sehemu gani ya bonde? Na ikiwezekana, msaidizi afike shambani na GPS. Nikamkatalia. Nikasema hojaji imeshakuwa ndefu, wahojiwa wanachoka, wasaidizi watadai posho ya ziada. Ukweli ni kwamba niliona lile ni swali lake, si langu. Mimi nilikuwa na mapato na matumizi yangu, na nilikuwa nayapenda.

Tukaenda uwandani. Nikachagua vijiji kwa orodha za LC1. Yeye akapanga transekti zake, yaani mistari ya kupimia mimea, kwa kufuata maji. Kila mmoja alifanya kazi safi, hata leo data zangu sizionei haya. Haya ilikuja tulipotaka kuziunganisha. Nilijua kaya ngapi zinalima mpunga na zinapata nini, lakini sikujua zinalima wapi. Yeye alijua mafunjo yameisha wapi na yamesimama wapi, lakini hakujua nani anayategemea. Mtu anaishi kilimani na anakodi jaruba ng'ambo ya bonde, kwa hiyo jina la kijiji halikutuambia lolote. Tukakisia kwa umbali. Tukaipaka ramani rangi za kupendeza.

Siku ya kuwasilisha wilayani, ofisa wa maliasili, mama mmoja aliyekuwa na agizo la kuwaondoa watu bondeni, alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Nikianza kuondoa upande huu wa mto, nani atalala njaa? Na maji yatarudi?"

Tukatazamana. Nikaanza kumweleza wastani wa mapato ya kaya. Mama akafunga daftari taratibu, akatushukuru kwa utafiti mzuri. Afadhali angefoka. Katiba ya 1995 inasema serikali inazishika ardhioevu kwa amana ya wananchi. Kwenye ngazi ya wilaya, mzigo huo ulikuwa umemwangukia yeye. Alipaswa kuchagua aanzie wapi na amwache nani kwanza, nasi tukampelekea wastani.

Dada yule hajawahi kunikumbusha lile swali. Angenisema ningepona mapema.

Basi kila ploti, yaani kipande cha ardhi mnachopimia, na kila kaya ziwe na kitu kinachozifunga pamoja, na kiamuliwe kabla gari halijawashwa. Msiniambie mtakiongeza wakati wa uchambuzi.

4. Kalenda. Wilaya hufanya mikutano ya bajeti karibu na Oktoba na Novemba, waraka wa mfumo wa bajeti hutakiwa bungeni kufikia tarehe 31 Desemba, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ripoti ikitoka Juni, hela zimeshagawanywa, na nyinyi mnapiga picha na keki.

5. Kila mmoja wenu anaandika kwamba misitu ilishuka kutoka asilimia 24 ya nchi mwaka 1990 hadi asilimia 9 mwaka 2015. Sawa, lakini semeni msitu ni nini kwenye hesabu hiyo. Mikaratusi ya mzee mstaafu imo? Misonobari ya mwekezaji je? Na semeni upotevu ulitokea wapi, kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa kwenye ardhi ya watu binafsi, ambako NFA haina mamlaka ya kulinda. Kuna kijana aliandika mapendekezo yake yote kwa NFA kuhusu miti iliyokuwa kwenye shamba la baba mkwe wake. Akajibiwa kwa heshima kwamba ampelekee ofisa misitu wa wilaya. Baba mkwe naye alikuwa ameshauza mkaa.

6. Muhtasari wa sera ni kurasa mbili, uamuzi uwe juu, mbinu chini. Na mtu asithubutu kumalizia na "utafiti zaidi unahitajika". Mkurugenzi anajua kwamba mnahitaji kazi.

7. Ramani ya sampuli naitaka kabla ya Ijumaa. Ramani moja, ploti na kaya zikiwa pamoja, wala si tatu zilizobanwa kwa stepla. Fomu ya mafuta ya gari iko mezani kwangu na sijaisaini.