Chujio la Shangazi, na Maswali Mengine Kuhusu Siliaki

Barua za safari hii karibu zote zinahusu siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, huufanya mfumo wa kinga ushambulie utumbo mwembamba wa mwili wenyewe. Mimi ninaishi nao kwa mwaka wa 12 sasa. Ninajibu kama mgonjwa mwenzenu. Vipimo na dawa mpangiwe na daktari.

Nilichoka kuharisha na kujaa gesi, nikaacha ngano kwa uamuzi wangu. Miezi miwili imepita na nimepata nafuu kubwa. Sasa daktari anataka nirudie kula mkate ndipo anipime. Si ananirudisha kwenye mateso?

Pole sana. Ni mateso kweli, lakini daktari wako yuko sahihi. Kipimo cha damu hakitafuti gluteni. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa hutengeneza ukikutana na gluteni, hasa ile iitwayo tTG-IgA. Ukiacha kula, kingamwili hizo hushuka na majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Endoskopi nayo, yaani kuingiza mrija wenye kamera kupitia mdomoni hadi kwenye utumbo, iko hivyo hivyo. Ukuta wa utumbo mwembamba una vijidole vidogo mno vinavyofyonza chakula. Siliaki huvilaza vikawa bapa, na kipande kinachochukuliwa kwenda maabara ndicho huonyesha hali hiyo. Ukikaa muda mrefu bila gluteni vinaanza kusimama tena, na daktari hana cha kukiona. Ndiyo maana watu huombwa wale gluteni kila siku kwa wiki 6 hivi kabla ya kupimwa. Kiasi na muda wako panga naye, na ukizidiwa mwambie mapema badala ya kuacha kimyakimya.

Najua utauliza: kama nimepata nafuu, kipimo cha nini? Ndugu yangu, hili ni sharti la maisha yote. Asiye na uhakika hulegea mwaka wa pili au wa tatu. Watoto wake hawapimwi kwa sababu hakuna aliyeandika popote kwamba mzazi ana siliaki. Na huenda tumbo lako lina shida nyingine kabisa inayotaka tiba yake. Kama kweli huwezi kurudia ngano, muulize daktari kuhusu kipimo cha jeni za HLA-DQ2 na HLA-DQ8, ambacho hakijali unakula nini. Usipokuwa nazo, siliaki karibu inatoka kwenye hesabu. Ukiwa nazo, bado hujathibitishiwa kitu: karibu theluthi ya watu wanazo, na wengi wao hawaugui kamwe.

Mama mkwe ananipenda na anapenda kunipikia, lakini husema, "Kidogo tu hakidhuru, mwanangu." Nikikataa ananuna. Nimwambieje?

Swali hili nimelisoma mara tatu, maana nimekaa kwenye kiti hicho. Mama mkwe wako anapima kwa tumbo lake yeye, ambalo halina shida na ngano. Kwako hesabu ni nyingine. Watafiti waliwahi kuwapa wagonjwa wa siliaki miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi 3, na utumbo wao ukaonyesha madhara. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi za gluteni. Kikate sehemu 40, uchukue moja: hicho ndicho "kidogo tu" chenyewe.

Siku moja nilikula kwa shangazi wali mweupe na maharage, chakula ambacho sikukitilia shaka hata kidogo. Usiku nikaumwa vibaya. Kesho yake tukasimama jikoni mimi na yeye, tukarudia hatua kwa hatua alivyopika, hadi tukafika kwenye chujio. Lilikuwa limeoshwa. Nilipolielekeza dirishani, mwanga ulipita kwenye matundu ya katikati tu; ya pembeni yalikuwa yamezibwa na utando mweupe wa tambi za juzi. Shangazi alilishika kwa muda mrefu bila kusema neno. Tangu siku ile ameniwekea chujio langu, lenye kitambaa chekundu kwenye mpini, na hakuna anayeligusa.

Kwa hiyo usimpe mama hotuba. Mwambie, "Mama, natamani nile chakula chako bila hofu, naomba tupike pamoja." Mkiwa jikoni mwonyeshe mwiko wa mbao wenye nyufa, chekeche la unga, kisu kinachotoka kwenye mkate na kuingia kwenye siagi, mafuta yaliyokaangia kitu chenye unga wa ngano. Mweleze kwamba gluteni si kijidudu: moto hauiui, na dawa ya kupaka mikononi haiiondoi. Sabuni na maji vinaiondoa kwenye mikono na sufuria, lakini mwiko na chujio ni bora uwe na vyako. Akinuna mara ya kwanza, vumilia. Akiona unakula na kuongeza, atakuwa mlinzi wako.

Mwanangu wa miaka 8 nimegundua anakula keki za wenzake kwa siri. Haumwi chochote. Je, amepona?

Hajapona. Utumbo unaweza kuharibika bila maumivu yoyote, na kwa mtoto hasara hujitokeza baadaye: urefu hauongezeki inavyopaswa, damu inapungua kwa kukosa madini ya chuma, mifupa inakosa nguvu. Usimchape wala kumwaibisha, maana atajificha zaidi. Mtoto anayeiba keki anatafuta kuwa kama wenzake. Muulize sherehe ni lini, umpe keki yake isiyo na ngano, iwe nzuri kama ile nyingine au kuipita. Kisha aendelee kupimwa damu kwa ratiba ya daktari.

Oti zinaruhusiwa?

Oti zenyewe wagonjwa wengi wanazivumilia, wachache hawawezi. Shida kubwa ni kwamba hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano na shayiri. Tafuta zilizoandikwa "bila gluteni", na uanze baada ya kushauriana na daktari. Maneno hayo, kwa Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, yana maana ya gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula. "Bila ngano" ni jambo jingine, kwani shayiri inaweza kuwamo, mara nyingi kwa jina la kimea. Sosi ya soya nayo isome vizuri. Nyingi zina ngano.

Ndugu zangu wa tumbo moja wapimwe?

Ndiyo, pamoja na wazazi na watoto wako, hata wasioumwa. Kwa watu wote, mwenye siliaki ni kama 1 kati ya 100. Kwa ndugu wa karibu hivyo ni kama 1 kati ya 10.

Mimi ni Mkatoliki. Nifanyeje na Komunyo?

Kanisa halikubali hostia isiyo na gluteni kabisa, kwa sababu mkate wa Ekaristi lazima uwe wa ngano. Linaruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, na linaruhusu pia kupokea Damu ya Kristo peke yake. Zungumza na paroko kabla ya Misa, umwombe kikombe chako kiwekwe kando, kisichotiwa kipande cha hostia ya kawaida. Usione haya, anayekwenda kumweleza si wewe wa kwanza.

Nimefuata masharti mwaka mzima lakini maziwa yananisumbua na uchovu haujaisha.

Kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa hukaa kwenye vile vijidole vya utumbo, kwa hiyo vikilala nacho hupungua. Kwa wengi hurudi kadiri utumbo unavyopona, na kwa watu wazima kupona kunaweza kuchukua miaka 2 au zaidi. Uchovu usiuzoee. Omba upimwe damu, madini ya chuma na tezi ya shingo, na vidonge unavyomeza muulize mfamasia wanga wake umetokana na nini.

Hivi hakuna dawa ya kumeza tukala kama watu wengine?

Bado, lishe ndiyo tiba. Tulikoipata kunanigusa kila nikikumbuka. Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa akishuku mkate tangu miaka ya 1930. Mwishoni mwa vita, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, mkate uliadimika nchini mwake. Watu walikuwa wanakufa njaa, ilhali watoto wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena. Aliandika tasnifu yake mwaka 1950. Kabla yake watoto wengi kama mwana wa mama aliyeniandikia hapo juu walikuwa wanakufa.

Jana nilikula gluteni kwa bahati mbaya. Niitoeje?

Haitoki kwa dawa wala kwa kujitapisha. Kunywa maji, hasa ukiharisha, kula vyepesi, pumzika. Ukitapika bila kukoma au ukishindwa kunywa, nenda hospitali. Ukipata nguvu, rudi jikoni kulikopikwa chakula kile, utafute kilikopitia.